Uzi maalumu: Kupima sampuli kwa mafungu wakati wa janga. Rwanda walifanyaje, na wapi njia hii haifai

Pipeti (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Mimi ni mtu wa maabara. Kuna usiku mmoja wa mwaka 2020 sijausahau. Kwenye friji kulikuwa na sampuli 300 za pua na koo za kupimwa corona, nyingi za madereva wa malori na utingo wao, na vitendanishi (kemikali za kupimia) vilivyobaki vilitosha sahani moja tu. Sahani ya PCR, kipimo kinachotafuta chembe za urithi za kirusi, ina vishimo 96. Viwili ni vya vidhibiti: kimoja tunajua kina virusi, kingine tunajua hakina. Vya watu vinabaki 94. Shehena nyingine haikuwa na tarehe, maana dunia nzima ilikuwa inagombania bidhaa ileile.

Kwa upimaji wa kawaida, watu 94 wangepata majibu na 206 wangeendelea kulala barabarani. Mkubwa wetu wa zamu akasema: leo tunapima kwa mafungu, watano watano.

Niwaeleze inavyofanyika kwa mkono, kwa sababu wengi wanadhani tunamwaga vyote kwenye ndoo moja. Kijiti kilichotoka puani kinakaa kwenye mrija wenye kimiminika cha mililita mbili au tatu. Hapo tunachota kwa pipeti, kibomba cha kunyonyea kimiminika, mikrolita 60 tu, kama tone moja hivi. Unabonyeza, unavuta, unaachia kwenye mrija mpya, unatupa ile ncha ya plastiki, unavaa nyingine, unahamia mrija wa pili. Mara tano. Mrija wa asili unarudi kwenye rafu yake, na namba yake, ukiwa bado umejaa. Ukifika sampuli ya mia mbili kidole gumba kimekufa ganzi.

Tukapata mafungu 60. Alfajiri mashine ikatoa majibu: mafungu 57 hasi, matatu chanya. Yale 57 ni watu 285 walioruhusiwa kuondoka. Ya matatu tulirudi kwenye mirija ya asili, watu 15, tukawapima mmoja mmoja. Watatu walikuwa nao. Jumla vipimo 75 kwa watu 300, na sahani moja ikatutosha na chenji ikabaki.

Naandika haya kwa sababu nasikia mpaka leo wataalamu wenzangu wakiita njia hii "kipimo cha maskini". Inaniuma. Ni hesabu iliyofikiriwa vizuri, na majirani zetu Rwanda waliisukuma mbele kuliko mataifa mengi yenye fedha. Leon Mutesa wa Chuo Kikuu cha Rwanda, Wilfred Ndifon wa AIMS (Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati) na Neil Turok, mwanafizikia mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeianzisha AIMS, pamoja na wenzao, walichapisha kazi yao kwenye jarida la Nature mnamo Oktoba 2020. Nitaieleza mbele. Kwanza nawakaribisha kwa maswali.

MzeeWaBarabara

Ndugu Pipeti, mimi ni mmoja wa hao waliolala barabarani. Mei 2020, mpaka fulani sitautaja. Siku nne ndani ya lori nasubiri jibu. Mzigo unaharibika, maji ya kunywa tunanunua kwa bei ya soda, choo ni porini. Siku ya nne nikaambiwa sina ugonjwa. Nilishukuru Mungu, ila nikajiuliza: siku nne zote hizo, katika msururu ule, kama sikuwa nao nilipofika si ningeupata palepale?

Swali langu: kwa nini hawakufanya hivyo unavyosema?

Pipeti (mleta uzi)

Pole sana mzee wangu. Siwezi kuwasemea maana sikuwepo pale. Ninachokijua ni kwamba maabara nyingi mwanzoni hazikuwa na mwongozo wa kupima kwa mafungu, na mtu wa maabara hafanyi jambo lisilo na mwongozo ulioandikwa na kuthibitishwa. Ukikosea, ni maisha ya mtu. Ndiyo maana nasema maandalizi yafanywe kipindi hakuna janga.

Na hilo la kuambukizwa kwenye foleni umeliona sawasawa. Jibu linalochelewa siku nne linakueleza ulivyokuwa siku nne zilizopita.

Hesabu255

Mkuu, kama watano wameleta nafuu hiyo, kwa nini msichanganye mia moja kwa mpigo? Ukipata hasi, watu mia wameondoka kwa kipimo kimoja.

Pipeti (mleta uzi)

Hapo ndipo penye utamu wote, mkuu.

Chukua watu 100 ambao mmoja katika mia ameambukizwa. Mafungu ya kumi kumi yatakula wastani wa vipimo 20. Umeokoa 80. Sasa maambukizi yapande yafike watu 5 katika mia. Fungu zuri linashuka kuwa la watano, na vipimo ni kama 43. Yakifika 10 katika mia, mafungu ya wanne, vipimo 59. Yakifika 20 katika mia, mafungu ya watatu, vipimo 82. Yakifika 30, umetumia 99 na hujaokoa kitu, umejichosha bure. Na ukiwa mkaidi ukabaki na mafungu ya kumi wakati watu 30 katika mia wanaumwa, utatumia vipimo 107, kwa sababu karibu kila fungu litakuja chanya na itabidi urudie wote.

Kwa hiyo kabla hujashika pipeti lazima uwe na makadirio ya maambukizi mahali hapo, wiki hiyo. Fungu la mia ni zuri pale ambapo ugonjwa ni adimu kabisa. Kwingineko litakuja chanya, na utabaki na watu mia mkononi usijue ni yupi.

MamaMaziwa

Habari zenu jamani. Mimi nipo kituo cha kukusanya maziwa. Kumbe na sisi tunapima kwa mafungu bila kujua jina lake! Tangi likijaa tunapima, likiwa na shida tunarudi kwenye sampuli za wafugaji, mmoja mmoja. Sasa nimepata wazo. Kila asubuhi napima na laktomita (kifaa kinachoonyesha kama maziwa yametiwa maji) dumu moja moja, foleni ndefu. Naweza kuchanganya kidogo kidogo wafugaji tisa nikapima mara moja, nikamkamata anayetia maji?

Pipeti (mleta uzi)

Dada, asante kwa swali hili, limefungua mlango ambao sikujua niufungue vipi. Jibu ni hapana, na sababu yake ndiyo hatari kubwa ya njia nzima.

Maziwa mazuri yanasoma 26 hadi 32 kwenye laktomita yako. Tuseme wafugaji wanane wameleta maziwa ya 29, na wa tisa ametia maji sehemu moja ya tano. Dumu lake peke yake litasoma kama 23. Unamkamata hapohapo. Lakini ukiyachanganya ya wote tisa sawasawa, mchanganyiko utasoma 28 na ushee. Utaona ni mazuri, utampitisha. Kosa lake limezama ndani ya uaminifu wa wenzake.

Laktomita inapima wastani, nao wastani humficha mmoja. PCR haifanyi hivyo. Inatafuta kipande cha chembe za urithi za kirusi na kukizidisha mara mbili kila mzunguko, mizunguko 40 kwa kawaida. Ukichanganya sampuli tano, kirusi kinapungua mara tano, na mashine inahitaji mizunguko miwili na kidogo zaidi kukiona. Ukichanganya kumi, mitatu na kidogo. Mia, chini ya saba. Mtu mwenye virusi vingi ambaye angeonekana mzunguko wa 22 ataonekana wa 25 au 26, hakuna shida. Anayepotea ni yule aliyekuwa anaonekana kwa tabu mzunguko wa 37 au 38: ama ndiyo kwanza ameambukizwa, ama yuko ukingoni kupona.

Lakini dada, kama kituo chenu kinapima mabaki ya dawa za antibayotiki kwenye maziwa, hapo ongea na mtaalamu wenu. Vipo vipimo vinavyokamata kiasi kidogo sana, na kwa hivyo fungu linaweza kufaa, mradi ujue kikomo cha kipimo chako.

MamaMaziwa

Nimeelewa kaka. Kesho naendelea na dumu moja moja. Nilitaka kujirahisishia nikajiharibia.

Hesabu255

Nimetafuta historia yake. Wazo hili ni la zamani kuliko nilivyodhani. Mwaka 1943, Robert Dorfman, mchumi wa Kimarekani, aliandika jinsi ya kuwapima kaswende vijana wanaoingia jeshini: changanya damu za watu kadhaa, pima mara moja, rudia pale tu panapojibu. Alikokotoa kwamba kwa mmoja katika mia, fungu bora ni la watu 11 na unaokoa asilimia 80. Hesabu ile ile ya Pipeti hapo juu. Ila jeshi halikuitumia, na sababu inayotajwa ni kwamba kipimo cha damu cha wakati ule hakikuhimili kuzimuliwa.

Kwa hiyo Dorfman alikuwa na laktomita mkononi, Mutesa na wenzake wakawa na PCR. Wazo lilikuwa sahihi, likasubiri chombo.

Pipeti (mleta uzi)

Umelisema vizuri kuliko mimi. Ongeza na benki za damu: tangu mwisho wa miaka ya 1990, nchi kadhaa zilianza kupima damu za wachangiaji kwa mafungu kutafuta VVU na homa ya ini C kwa njia hizi za kuzidisha chembe za urithi. Maelfu ya wagonjwa wameongezewa damu salama hivyo.

Nuru_wa_Tabata

Samahani, mimi si mtaalamu. Nina hofu mbili, na najua wengi wanazo.

Ya kwanza, mkichanganya mate yangu na ya mtu mwingine, si mtanibambikia ugonjwa wake? Ya pili, Watanzania hatujasahau Mei 2020, rais alipotuambia kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara zikatoka na corona. Watu walipoteza imani. Sasa mkituambia mnachanganya tena, nani atawaamini?

Pipeti (mleta uzi)

Dada Nuru, usiombe samahani, maswali yako ndiyo ya msingi.

La kwanza: hakuna anayeandikiwa jibu la fungu kama lako. Fungu likiwa chanya, jibu lako bado halijatoka. Tunarudi kwenye mrija wako wa asili, ambao haukuguswa na wa mtu mwingine. Ukionekana chanya, maana yake umeonekana mara mbili, ndani ya fungu na ukiwa peke yako. Kwa aliyeambiwa chanya, hiyo ni kinga zaidi kuliko kupimwa mara moja.

La pili sitaki kulikwepa kwa maneno mazuri, nitakuambia lililonipata mimi. Fungu moja lilitoka chanya. Tukafungua mirija mitano, tukapima: wote watano hasi. Tukarudia: hasi. Jambo la kwanza linalokuja kichwani ni kwamba tumechafua, tupa fungu, waachie watu. Dada mmoja wa zamu akakataa. Akaanza kusoma namba za mirija moja baada ya nyingine kwa tochi ya simu, na akakuta namba moja imeandikwa kwenye mirija miwili. Tulichota kutoka mmoja tukarudia kupima mwingine. Mgonjwa alikuwa kwenye ule wa kwanza, uliokuwa umekaa rafu ya jirani. Tulizuia majibu ya mafungu yote mawili mpaka tukampata, na watu tisa wasio na kosa walichelewa siku nzima kwa ajili ya kalamu iliyoteleza kule sampuli zilikochukuliwa.

Kwenye njia hii, namba ndiyo roho. Ukipima mmoja mmoja, kosa la namba linaumiza mtu mmoja au wawili. Kwenye fungu linagusa wote waliomo. Maabara isiyo na uhakika wa lebo zake isichanganye hata sampuli mbili.

MtuWaKilifi

Salamu kutoka Pwani ya Kenya. Niongeze kidogo: hapa kwetu Kilifi, maabara ya utafiti wa tiba ya KEMRI-Wellcome ilipima kwa mafungu ya sita sita mwaka 2020, walipokuwa wakipokea sampuli za kaunti za Pwani na vitendanishi ni haba. Walichapisha uzoefu wao: waliokoa vitendanishi vingi na majibu yakatoka haraka zaidi. Kwa hiyo Afrika Mashariki jambo hili halikuwa la Kigali pekee.

Hesabu255

Pipeti, ulituahidi ile hesabu ya Rwanda.

Pipeti (mleta uzi)

Haya, tulieni nieleze.

Ubaya wa njia ya Dorfman ni kwamba mgonjwa ndiye anayesubiri kuliko wote. Fungu hasi linaondoka raundi ya kwanza, chanya linangoja raundi ya pili. Kwa kaswende si neno. Kwa ugonjwa unaoenea kwa pumzi, kila saa ya kungoja ni watu wengine anaokutana nao.

Wakina Mutesa wakaja na umbo. Fikiria kreti ndogo 27 umezipanga kama mchemraba: tatu kwa urefu, tatu kwa upana, tatu kwenda juu. Kila kreti ni mtu. Sasa kata mchemraba kama mkate: vipande vitatu kwa upande huu, vitatu kwa upande ule, vitatu kwa kwenda juu. Vipande tisa, kila kimoja kina watu tisa, na kila mtu yumo kwenye vipande vitatu tofauti. Unachanganya sampuli kufuata vipande hivyo.

Kwanza unapima fungu la wote 27. Hasi? Umemaliza kwa kipimo kimoja. Chanya? Unapima vile vipande tisa kwa pamoja, sahani moja, mkupuo mmoja. Kama mgonjwa ni mmoja, vipande vitatu vitawaka, kimoja kila upande, na vinakutana kwa mtu mmoja tu. Umemjua bila kurudi kwenye mrija wake kwanza. Vipimo kumi badala ya 28 (kimoja cha fungu na 27 vya mmoja mmoja), na hakuna raundi ya tatu. Kwa watu 81 unaongeza upande wa nne, ambao macho hayauoni lakini hesabu inauona: vipande 12 vinatosha.

Wagonjwa wakiwa wawili inachanganya kidogo. Wakiwa wametofautiana pande zote tatu, vipande sita vinawaka na unabaki na watu wanane wa kushukiwa. Unawapima hao wanane. Jumla 18, bado umeokoa. Wakizidi hapo, rudi kwenye hesabu yangu ya mwanzo: ugonjwa si adimu tena, acha mchemraba, tumia mafungu madogo au pima mmoja mmoja.

Kwa majaribio walionyesha kwamba sampuli moja chanya inaonekana hata ikizimuliwa mara 100 na za wasio nao. Wala hawakuficha kwamba wenye virusi vichache wanaweza kupita. Dawa yao ni kulipima kundi lilelile mara kwa mara. Aliyepita leo na virusi vichache, ikiwa vinapanda, keshokutwa ataonekana. Mimi nakubaliana nao kabisa: kipimo chepesi kidogo kinachorudiwa kila baada ya siku mbili kinakamata wengi kuliko kipimo kikali kinachofanywa mara moja kwa mwezi.

Nuru_wa_Tabata

Asante kwa ukweli wako. Na je, kwa Marburg au mpox mngefanya hivi?

Pipeti (mleta uzi)

Kwa washukiwa, hapana. Anayeletwa na vipele vya mpox au homa ya Marburg amechujwa tayari kwa dalili, na uwezekano wa kuwa nao ni mkubwa. Hapo fungu halikuokolei kitu. Na kwa Marburg, kumkosa mmoja ni msiba wa familia na wodi nzima. Pima mmoja mmoja, haraka.

MzeeWaBarabara

Nimesoma uzi wote, baadhi nimerudia mara mbili. Nijibu kwa lugha yangu mimi dereva: zile siku nne zangu zingeweza kuwa ngapi?

Pipeti (mleta uzi)

Mzee wangu, kama maabara ilikuwa karibu na kilichokwama ni vitendanishi tu, ungeondoka kesho yake asubuhi, maana fungu lako lingekuwa hasi. Kama ulikuwa fungu moja na mgonjwa, siku mbili. Kama tatizo lilikuwa gari la kupeleka sampuli, mafungu yasingekusaidia chochote. Sitaki kukudanganya.

Na kuna jambo ambalo gharama yake ni kufikiri tu: waliosafiri pamoja wawekwe fungu moja. Chukua watu 100, wagonjwa wanne wa familia moja. Wakiwa fungu moja la kumi, unatumia vipimo 10 vya mafungu na 10 vya kurudia, jumla 20. Wakitawanyika mafungu manne, 10 na 40, jumla 50. Sampuli zilezile, watu walewale, tofauti ni aliyepanga mirija. Dereva na utingo wake wanatakiwa wakae pamoja mpaka kwenye rafu ya maabara.

MzeeWaBarabara

Sisi tulitenganishwa. Madereva foleni hii, utingo foleni ile, vitabu viwili, meza mbili. Na mimi na kijana wangu tulikuwa tumelala ndani ya kichwa kimoja cha lori tangu Dar.